Nadhiri ya ufukara na kikombe cha dhahabu: mali ya mtawa ni ya nani?

Ukikaa Geita, Kahama au Shinyanga vijijini, huenda umeliona hili. Sista anapita barabara ya vumbi akiendesha gari kubwa la zahanati. Au kanisani, padre anainua kikombe kinachong'aa dhahabu mbele ya watu ambao wengine wameosha mchanga wiki nzima bila kupata hata gramu moja. Hapo ndipo watu huuliza: hawa si waliahidi kuwa maskini?

Swali ni la haki, na linazigusa familia nyingi: wazazi wenye binti mtawa, ndugu wanaogawana mashamba, na waumini wanaochangia. Tuanze na nani aliyeahidi nini.

Si kila padre ana nadhiri ya ufukara

Katika Kanisa Katoliki, masista, mabruda na mapadre wa mashirika ya kitawa hufunga nadhiri tatu: ufukara, useja na utii. Padre wa jimbo, kwa mfano Jimbo la Shinyanga au la Geita, hafungi nadhiri ya ufukara. Anatakiwa kuishi maisha ya kawaida na kuepuka makuu, lakini anaweza kuwa na ng'ombe, shamba au gari lake binafsi. Kwa hiyo, kabla ya kumlaumu mtu kwa kuvunja ahadi, ujue kama aliitoa.

Kutumia si kumiliki

Nadhiri ya ufukara haimzuii mtawa kuwa na vifaa vya kazi. Sista muuguzi bila kipimo cha presha hawezi kumsaidia mgonjwa, na anayefundisha ushonaji anahitaji cherehani. Kinachokatazwa ni kukifanya kifaa kuwa chake: kukiuza, kukigawa au kukikopesha atakavyo bila ruhusa ya mkuu wake.

Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 668, zinasema kwamba anachopata mtawa kwa kazi yake, au kwa sababu ya shirika lake, ni mali ya shirika. Mshahara wa sista anayefanya kazi hospitali unaingia huko. Pensheni pia, isipokuwa kanuni za shirika lenyewe zimeamua vinginevyo.

Hapa ndipo familia nyingi huumia. Mzazi anaona binti ameajiriwa, lakini msaada hauji nyumbani. Si kwamba amewasahau. Fedha si zake kuzitoa, ingawa anaweza kuomba ruhusa wazazi wanapokuwa na shida.

Shamba la urithi

Urithi ni jambo jingine. Katika mashirika mengi mtawa hapotezi umiliki wa mali ya kwao. Kabla ya nadhiri za kwanza humkabidhi mtu mwingine usimamizi wake, na kabla ya nadhiri za daima huandika wosia unaokubalika pia kwa sheria za nchi. Mashirika mengine humtaka aachane na mali yote kabisa. Kwa hiyo ndugu wasiharakishe kusema, "Yule ni sista, hana fungu." Waulizeni yeye na shirika lake kwanza.

Na akiondoka utawani baada ya miaka 20? Kanuni ya 702 inasema hawezi kudai malipo ya kazi aliyoifanya huko. Lakini kanuni hiyo hiyo inalitaka shirika limtendee kwa haki na upendo, asiachwe mikono mitupu.

Na kikombe cha dhahabu?

Kikombe cha misa, yaani kalisi, hutakiwa kutengenezwa kwa metali ya thamani. Kikiwa cha metali hafifu kuliko dhahabu, ndani hupakwa dhahabu. Ndiyo maana kalisi inayong'aa si lazima iwe dhahabu tupu. Kwa idhini ya maaskofu, hata mbao ngumu kama mpingo zinaweza kutumika katika vyombo vya ibada, ila bakuli la kalisi lisifyonze divai.

Hata Fransisko wa Asizi, aliyefariki mwaka 1226 na anayejulikana kuliko wengi kwa ufukara wake, aliwaandikia wenzake kwamba kalisi ziwe za thamani. Kwake, mtawa avae kiraka, lakini chombo cha altare ni cha Mungu na cha watu wote.

Lakini wafuasi wake walikuja kugombana juu ya jambo hili. Mwaka 1279 Papa Nikolasi III aliamua kwamba vitu vyao ni mali ya Kanisa la Roma, wao ni watumiaji tu. Mwaka 1322 Papa Yohane XXII aliukataa mpango huo. Alihoji: mtu akila chakula chote peke yake, kuna maana gani kusema si chake?

Hoja hiyo ina nguvu hadi leo. Neno "la shirika" linaweza kugeuka kichaka cha kujifichia. Gari la zahanati likienda harusini kila Jumamosi huku mjamzito akibebwa kwa bodaboda, nadhiri imebaki kwenye karatasi.

Unapotoa mchango

Sema wazi unampa nani: parokia, shirika, au mtu binafsi. Kwa kawaida mali za kanisa huandikwa kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, si la padre au sista. Ukitoa kiwanja, hakikisha hati imeandikwa hivyo. Ukitoa fedha, omba risiti.

Mchimbaji anayetaka kutoa shukrani asipeleke dhahabu ghafi kanisani. Aiuze kwanza kwenye soko la madini, kama lile la Geita lililofunguliwa Machi 2019, kisha atoe fedha.

Na ukiona kifaa cha bei kubwa mikononi mwa mtawa, uliza mambo matatu: kimeandikwa kwa jina la nani, kinamhudumia nani, na anayekitumia anatoa hesabu kwa nani. Ukipata majibu hayo, utajua kama nadhiri ingali inafuatwa.