Nyumba za Milimani: Kutoka Ufaransa Hata Italia kwa Miguu

Wasikilizaji wetu wa Marangu hawana haja ya kuelezwa maana ya nyumba ya mlimani. Wao na baba zao wamewapeleka wageni Kilimanjaro miaka mingi, wakalala Mandara, mita 2,720, kisha Horombo, mita 3,720. Nyumba ambazo wazee walizijua kwa majina ya Kijeremani, Bismarck na Peters. Lakini sisi wengine, tukaao pwani au kando ya maziwa, hudhani ya kuwa safari ya milima ni kazi ya mashujaa tu, wenye kamba kiunoni na shoka la barafu mkononi. Leo nataka kueleza safari moja ya Ulaya ambayo mtu asiyepata kupanda mlima hata siku moja aweza kuifanya kwa siku tano, akatoka nchi moja akaingia nyingine, bila kamba, bila hema, wala chungu cha kupikia. Nataka kueleza pia kwa nini njia hiyo rahisi yaweza kumwua mtu asiyeangalia saa.

Safari hii iko katika milima ya Alps, kando ya Mont Blanc, mlima ulio kati ya Ufaransa na Italia. Kimo chake ni mita 4,800 na zaidi kidogo; kilele chake ni kofia ya barafu, na kwa hiyo hesabu hubadilika kidogo kila kinapopimwa. Bwana Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva aliahidi zawadi mwaka 1760 kwa mtu atakayeona njia ya kufika juu, na watu wa kwanza kufika, Jacques Balmat na daktari Michel-Gabriel Paccard, walifika tarehe 8 Agosti 1786. Saussure mwenyewe alikuwa amekwisha kuuzunguka mlima kwa chini mwaka 1767. Njia ya kuuzunguka yapita katika nchi tatu, nayo ni kadiri ya kilomita 170. Sisi tutachukua kipande chake tu, toka kijiji cha Les Contamines upande wa Ufaransa hata mji wa Courmayeur upande wa Italia.

Kwanza tufahamu neno moja. Mgongo wa milima mara nyingi huinama kati ya kilele na kilele, kama mgongo wa ngamia, na hapo palipoinama ndipo watu na mifugo wapatapo kupita. Wafaransa hupaita Col. Mimi nitapaita pito. Katika safari hii yako mapito matatu, na lililo juu kabisa, Col de la Seigne, lina mita 2,516 tu. Tazama, Mandara yenyewe imelipita pito hilo kwa mita mia mbili na zaidi! Ndiyo sababu ya kwanza ya safari hii kuwafaa wanaoanza: kwa kimo hicho watu wengi hawapati yale maumivu ya kichwa na kichefuchefu yanayowarudisha wengi kutoka Kibo. Sababu ya pili ni kwamba njia haikanyagi mito ya barafu. Waiona ng'ambo, ikining'inia juu ya mabonde, nawe wapita katika majani na mawe. Sababu ya tatu ni zile nyumba.

Nyumba hizo asili yake si moja. Nyingine zilikuwa mazizi na nyumba za wachungaji, ambao kila kiangazi hupandisha ng'ombe zao mlimani kufuata majani mabichi. Nyingine zilijengwa na vyama vya wapanda milima. Cha London kiliundwa mwaka 1857, cha Italia 1863, na cha Ufaransa 1874. Hata leo vyama hivyo vina nyumba nyingi katika Alps. Mwenye kuitunza hukaa humo muda wa kiangazi chote, yaani toka katikati ya Juni hata katikati ya Septemba hivi, hupika, hupokea wageni, na jioni huwaeleza hali ya hewa ya kesho. Hao watunzaji ni watu wa kusikilizwa sana. Akikuambia, "Kesho ondoka mapema," usimwulize mara ya pili.

Desturi za nyumbani ni karibu zile zile kila mahali. Ufikapo mlangoni, vua viatu, uvae ndara, kwa maana matope ya wageni arobaini yangeiharibu nyumba kwa siku moja. Chumba cha kulala ni kimoja kwa watu wengi, wanaume kwa wanawake, kila mtu na godoro lake; blanketi yatolewa, lakini kila mgeni huleta shuka lake lililoshonwa kama mfuko. Chakula cha jioni huliwa na wote pamoja, kama saa moja jioni, na saa nne usiku taa huzimwa. Takataka zako zichukue mwenyewe hata bondeni, kwa sababu huko juu hapana gari la kuzizoa. Tena yapasa kuagiza nafasi mapema, miezi kadhaa kabla, maana njia hii imependwa mno. Na mtu aliyeagiza akakosa kuja bila kutoa habari, huwanyima wengine kitanda, na pengine huwafanya watu wa nyumba wahangaike wakidhani amepatwa na ajali.

Sasa twende. Siku ya kwanza ni fupi, na ni vizuri iwe hivyo. Kutoka Les Contamines, mita 1,164, njia yafuata mto hata kanisa dogo la Notre-Dame de la Gorge, kisha yapanda kwa ukali katika msitu, juu ya barabara ya zamani iliyotandikwa mawe. Wengi hulala Nant Borrant, mita 1,459, au juu zaidi kidogo, La Balme, mita 1,706. Mgeni atashangaa kuona miguu yake imechoka kwa kazi ndogo. Na aufungue mzigo wake usiku huo autazame vizuri: koti la mvua, nguo ya sufu, kofia, maji, mkate, na dawa za malengelenge ndivyo vya lazima. Mzigo ukipita kilo nane au tisa, kimo kitu ndani yake ambacho hakikuitwa.

Siku ya pili ndiyo ngumu. Juu ya La Balme miti imekwisha. Mbele kidogo, mahali paitwapo Plan des Dames, liko rundo kubwa la mawe kando ya njia. Husimuliwa ya kuwa bibi mmoja msafiri na mtumishi wake walikufa hapo kwa tufani, na wapitao hutupa jiwe juu ya rundo. Desturi ya namna hii haitakuwa ngeni kwa wasomaji wetu wengi. Sitaapa kwamba kisa ni cha kweli, lakini mahali pake kimepapata sawasawa: kutoka hapo hata Col du Bonhomme, mita 2,329, na pito la pili lililo juu yake, Col de la Croix du Bonhomme, mita 2,479, hapana pa kujificha. Mwezi wa Juni na hata mwanzo wa Julai theluji ya mwaka uliopita hubaki katika miteremko hiyo. Asubuhi na mapema huwa ngumu na telezi kama sabuni; na penye kijito chini yake, huwa imeliwa kwa ndani, ikawa kama dari jembamba lisilo na nguzo. Mtu mgeni akikuta theluji ya namna hiyo juu ya mteremko mkali, na hana mtu wa kumwongoza, arudi La Balme. Amepoteza siku moja, basi. Nyumba ya siku hiyo iko chini kidogo tu ya pito la pili, nawe waiona mara uanzapo kushuka.

Siku ya tatu ni ya kushuka karibu mita 900 hata kitongoji cha Les Chapieux, na magoti yatanung'unika kuliko yalivyonung'unika siku ya kupanda. Kutoka hapo kiangazi liko basi dogo lipandalo bonde hata Ville des Glaciers, jina kubwa kwa nyumba chache za wafugaji. Watu wenye kiburi hukataa basi. Mimi nasema mwenye malengelenge na alipande. Bonde hili ni la ng'ombe, na katika nchi hii ndipo itengenezwapo jibini iitwayo Beaufort. Usiku utalala Les Mottets, mita 1,870, katika majengo yaliyokuwa ya wafugaji, mahali walipolala ng'ombe sasa wamelala watu.

Sasa, wanafunzi, twaeni kalamu. Kutoka Les Mottets hata Col de la Seigne ni kupanda mita 646. Mtu asiyezoea, akienda polepole bila kutweta, hupanda mita 300 hivi kwa saa moja. Basi atahitaji saa mbili na dakika kumi, na tumwongezee nusu saa ya kupumzika na kutazama. Akiondoka saa moja asubuhi, atakuwa pitoni kabla ya saa nne, na saa sita atakuwa amefika katika nyumba inayofuata. Akiondoka saa nne, atafika pitoni karibu na saa saba, na hapo ndipo hatari ilipo. Katika Alps, siku za joto, jua la asubuhi hupasha mabonde moto, hewa yenye unyevu hupanda kando ya milima, hupoa, huwa mawingu. Na baada ya adhuhuri mawingu hayo hujaa umeme. Pito ni uwazi, na mtu aliyesimama juu yake ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu. Ngurumo zikikukuta, shuka upesi utoke katika mgongo wa mlima, usisimame chini ya mti ulio peke yake, wala usikumbatie fimbo za chuma. Baridi nayo yaja pamoja na mvua: kwa kila mita 1,000 za kupanda joto hupungua digrii sita hivi, na nguo mbichi yenye upepo humwondolea mtu akili kabla ya kumwondolea nguvu.

Kama ajali imetokea, simu 112 hutumika Ufaransa na Italia pia. Lakini simu hufa mabondeni. Kwa hiyo jifunzeni ishara ya zamani ya Alps, iliyowekwa mwaka 1894: mara sita katika dakika moja, kwa filimbi, taa, au sauti; nyamaza dakika moja; kisha tena mara sita. Aliyesikia hujibu mara tatu kwa dakika.

Tumefika pitoni. Col de la Seigne ndio mpaka, nao hauna lango wala ukuta. Aliyeuweka ni maji. Mvua iangukayo nyuma yako huenda katika mto Isère, kisha Rhône, hata bahari ya kusini ya Ufaransa. Iangukayo mbele yako huenda Dora Baltea, kisha Po, na mwisho wake ni bahari ya Adriatic upande wa pili wa Italia. Matone mawili yaangukayo hatua chache tu moja kwa jingine hutengana hivyo. Walakini maji yaligawanyika zamani sana, na watu ni juzi tu. Hata mwaka 1860 pande zote mbili zilikuwa chini ya mfalme mmoja. Mwaka huo ndipo Savoy ilipotolewa kwa Ufaransa, na njia ya kijiji kwa kijiji ikawa njia ya nchi kwa nchi. Juni 1940 majeshi ya Italia yalivuka papa hapa kuishambulia Ufaransa. Chini kidogo ya pito, upande wa Italia, iko nyumba ya mawe iliyokuwa ya walinzi wa mpaka. Siku hizi ni mahali pa kuwafundisha wageni habari za milima. Hapana askari akungojeaye pitoni, na kibali kimoja cha kuingia nchi za Schengen chatosha kwa nchi zote mbili. Hata hivyo pasi ya kusafiri na iwe mfukoni, maana Ufaransa ilirudisha ukaguzi mipakani mwake mwaka 2015, na polisi aweza kukuuliza.

Nyumba ya usiku wa nne yaitwa Elisabetta, mita 2,195, mali ya chama cha wapanda milima cha Italia. Iko juu ya njia, na kule kupanda kudogo kwa mwisho humchukiza kila mtu. Jioni katika meza moja utasikia Kifaransa upande huu, Kiitalia upande huu, na lugha nyingine kadhaa kati, na wote wakizungumza jambo moja: hewa ya kesho.

Siku ya tano ina njia mbili. Mwenye nguvu, na anga likiwa safi, hupanda tena mpaka mgongo wa Mont Favre, mita 2,435, ambapo upande wa kusini wa Mont Blanc wamsimamia mtu usoni na mito yake yote ya barafu. Aliyechoka, au aonaye mawingu, hufuata barabara ya bonde la Val Veny mpaka penye basi la kiangazi. Njia zote mbili hukutana Courmayeur, mita 1,224. Kutoka huko basi jingine hurudi Ufaransa kwa njia iliyotobolewa chini ya Mont Blanc, kilomita 11 na nusu na kidogo, iliyofunguliwa mwaka 1965. Tiketi yake nayo yafaa inunuliwe kabla, kwa maana viti hujaa, na yafaa kuuliza kwanza kama njia imefunguliwa, kwa sababu huifunga mara nyingine ili kuitengeneza.