Daluga chafu, bastola chafu: zote zinakuangusha

Anayecheza ndondo Kasulu na Kibondo analijua vumbi la kiangazi na tope la mvua. Daluga zikijaa tope, meno hayashiki. Straika anateleza akiwa uso kwa uso na kipa, mashabiki wanashika vichwa.

Kwenye Olimpiki wapo wenzao wenye tatizo hilohilo: walengaji wa bastola ya mita 25, ufyatuaji wa kasi kwa wanaume. Silaha yao inajipakia yenyewe, risasi za .22. Mlengaji anapiga risasi tano kwenye shabaha tano kwa sekunde 8, baadaye 6, halafu 4. Masizi ya baruti yakiganda ndani, ganda halitoki na risasi inayofuata haipandi. Sekunde 4 hazimsubiri mtu.

Ndiyo maana usafi kwao ni sehemu ya mazoezi. Kwanza bastola inaelekezwa pasipo na mtu, magazini inatolewa, chemba inakaguliwa kuwa tupu, risasi zinawekwa mbali. Ndipo inafunguliwa kwa kufuata kitabu cha mtengenezaji. Mtutu unapitishwa burashi na kitambaa, masizi yanafutwa, mafuta yanapakwa kiduchu. Yakizidi yanakamata vumbi, na kazi inarudi palepale.

Tanzania silaha ni ya mwenye leseni tu, kwa sheria ya mwaka 2015. Daluga hazina leseni, ila zina masharti: gonga tope, futa kwa kitambaa chenye maji, anika kivulini. Ukikausha kwenye moto wa jikoni, gundi inaachia, na fainali unaitazama ukiwa benchi.