Wapiga Gita Walipatana, Wakubwa Wakashindwa

Wako wasemao kwamba dansi ni mchezo wa watoto, na siasa ndiyo kazi ya watu wazima. Mimi mpenzi wa santuri nawajibu: tazameni mambo ya Kongo.

Januari 1960 viongozi wa Kongo walikutana na Wabelgiji mjini Brussels kuzungumza habari za uhuru. Joseph Kabasele naye alikwenda na bendi yake, African Jazz; tena aliwachukua Vicky Longomba na Brazzos wa OK Jazz, bendi iliyoshindana na yake. Huko wakaimba “Indépendance Cha Cha”, wimbo uwatajao Lumumba, Kasa-Vubu na Tshombe pamoja.

Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni. Siku 11 baadaye Tshombe aliitenga Katanga. Septemba, Kasa-Vubu alimwondoa Lumumba katika uwaziri mkuu. Na Januari 1961 Lumumba aliuawa huko huko Katanga.

Basi, msomaji, watu wazima walikuwa nani? Washindani wa dansi walikubali kupiga wimbo mmoja. Washindani wa siasa hawakukaa pamoja hata mwaka. Wimbo wapigwa mpaka leo.