Manowari Petard na Msafara wa Kilindini

Wengi wetu tukisikia habari za Vita Kuu ya Pili hufikiri majeshi ya nchi kavu tu. Leo napenda kuwaeleza habari za manowari moja ya Waingereza, jina lake Petard.

Wakati wa vita meli za askari hazikusafiri moja moja. Zilikwenda kwa msafara, na manowari zenye mwendo wa kasi zilizilinda kama wachungaji walindavyo kundi. Adui aliyeogopwa sana ni sabmarini, yaani manowari iendayo chini ya maji. Walinzi walipeleka sauti majini, na mwangwi wake ukawaonyesha ilipo. Ndipo wakaitupia mabomu yanayolipuka kilindini.

Petard ilianza kazi mwaka 1942. Oktoba mwaka huo, katika bahari ya Mediterania, iliishinda sabmarini ya Wajerumani, U-559. Mabaharia wake Fasson na Grazier waliingia ndani, wakatoa vitabu vya siri, kisha wakazama pamoja nayo. Vitabu hivyo viliwasaidia Waingereza kufumbua simu za siri za adui. Desemba ilishiriki kuizamisha sabmarini ya Waitalia, Uarsciek.

Februari 1944 msafara wa meli tano za askari ulitoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo. Petard na mwenzake Paladin walikuwa miongoni mwa walinzi. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, sabmarini ya Wajapani, I-27, iliipiga meli Khedive Ismail kwa topido. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na wauguzi wanawake pia.

Sabmarini ikajificha chini ya watu waliokuwa wakiogelea. Kuiacha ni kuhatarisha meli nne zilizosalia. Kuipiga ni kuwaua waliookoka. Petard ilitupa mabomu, na baadhi ya waogeleaji wakafa. I-27 ikaibuka, na mwishoni topido ya Petard ikaizamisha. Kazi ya mlinzi ni kuulinda msafara mzima, nami siwezi kumhukumu nahodha yule. Lakini gharama yake waliilipa watu wetu.

Petard ilivunjwa kuwa chuma chakavu mwaka 1967. Wenzangu, nanyi mliosoma hapa zamani, kama katika ukoo wenu yupo babu aliyepanda meli Kilindini asirudi, waulizeni wazee jina lake, mliandike.