Mkadiriaji wa Gharama za Ujenzi: Kazi Yake, na Njia ya Msichana wa Kathiani Kuifikia

Si vigumu kuona nyumba iliyofika kwenye linta ikasimama. Kuta zimenyooka, fundi alikuwa hodari, lakini mabati hayajafika na nyasi zimeota sebuleni. Mara nyingi tatizo ni hesabu: hakuna aliyepiga gharama ya kazi yote kabla ya jiwe la kwanza kulazwa. Jambo hilo hilo huweza kulikumba darasa au zahanati, na hapo wanaoumia ni kijiji kizima.

Mtaalamu ambaye kazi yake ni kuzuia hali hiyo huitwa mkadiriaji wa gharama za ujenzi. Kwenye mjengo wengi humwita QS. Wasichana wanaomaliza shule Kathiani, Mitaboni, Iveti na Kaani wanaweza kuifuata kazi hii, ingawa wengi hawajawahi kuisikia.

Anafanya nini?

Msanifu majengo huchora. Mhandisi huhakikisha jengo litasimama. Mkadiriaji huichukua michoro hiyo na kuipima mstari kwa mstari: udongo wa kuchimbwa, zege, nondo, mawe, mbao, mabati, rangi, hadi vitasa vya milango. Vipimo hivyo huandikwa katika hati inayojulikana kama BQ. Wanakandarasi wanaoomba zabuni hujaza bei zao katika hati moja, na hivyo bei zao zinaweza kulinganishwa kwa haki.

Ujenzi ukianza, kazi yake haiishi. Hurudi kwenye mjengo na utepe wa kupimia, akapima kilichojengwa, kisha hupendekeza malipo ya kazi hiyo tu. Mwishoni huandaa hesabu ya mwisho ya mradi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la ujenzi ndilo lililo mikononi mwake.

Mfano wa darasa moja

Tuseme ni darasa la mita 8 kwa 6. Mchoro unataka sakafu ya zege ya unene wa sentimita 15. Hiyo ni 8 × 6 × 0.15, yaani mita 7.2 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, kila mita ya ujazo hula takriban mifuko 6 na nusu ya saruji ya kilo 50. Jumla ni kama mifuko 47.

Sasa tuseme sakafu imemwagwa kwa unene wa sentimita 10. Saruji iliyoingia ni kama mifuko 31. Kwa macho sakafu ni ile ile. Asipokuwapo wa kupima, mifuko 16 italipiwa na haimo ndani ya sakafu, na nyufa zitakuja baadaye.

Kuta nazo zina mita 28 za mzunguko na urefu wa mita 3 kwenda juu, yaani mita 84 za mraba. Mlango mmoja na madirisha manne huchukua mita 9.3. Zinabaki mita 74.7. Bloku za sentimita 40 kwa 20, ukihesabu pamoja na saruji ya kuunganishia, huingia 12.5 katika kila mita ya mraba. Hizo ni bloku 934. Ukiongeza asilimia 5 kwa zitakazovunjika, unaagiza kama 981. Aliyesahau kutoa mlango na madirisha atanunua zaidi ya bloku 100 zisizo na kazi.

Ardhi nayo huhesabiwa

Darasa lile lile haligharimu sawa kila mahali. Katika miteremko ya milima ya Iveti, msingi hujengwa kwa ngazi, kwa hiyo upande mmoja hula mawe mengi kuliko mwingine. Katika tambarare za Mavoko kuna udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na mara nyingi lazima uchimbwe na kuondolewa. Saruji hutengenezwa Athi River, ndani ya kaunti hii, lakini nauli ya lori kupanda hadi kijijini ni sehemu ya bei. Mkadiriaji anayeijua ardhi ya kwao ana faida hapo.

Njia ya kufika

Hisabati ndiyo nguzo, na fizikia huifuata. Wanafunzi wa mtaala wa umilisi huelekea mkondo wa sayansi na teknolojia wanapoingia sekondari ya juu. Shahada ya fani hii hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, JKUAT na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, miongoni mwa vingine. Nafasi huombwa kupitia KUCCPS, na mkopo wa masomo kupitia HELB. Asiyefikisha alama za shahada anaweza kuanza na diploma ya ujenzi katika chuo cha kiufundi na kupanda kutoka hapo.

Shahada pekee haitoshi. Sheria ya Wasanifu Majengo na Wakadiriaji, Sura ya 525, hairuhusu mtu kujiita mkadiriaji bila kusajiliwa na bodi inayojulikana kama BORAQS. Mhitimu hufanya kazi chini ya mtaalamu aliyesajiliwa, kisha hufanya mitihani ya bodi.

Mwanamke kwenye mjengo

Nchini Uingereza, mwanamke wa kwanza kusajiliwa katika taaluma ya upimaji, Irene Barclay, alikubaliwa mwaka wa 1922. Ukambani, wanawake wamekuwa wakipima na kujenga kwa muda mrefu. Matuta ya fanya juu yaliyoufanya mteremko wa Machakos ulimike yalichimbwa kwa sehemu kubwa na wanawake katika vikundi vya mwethya.

Hata hivyo changamoto zipo. Mwanamke akifika kwenye mjengo huweza kuulizwa mkubwa wake yuko wapi. Zito zaidi ni shinikizo la kutia saini malipo ya kazi ambayo haijakamilika. Saini yake ndiyo hufungua mfuko wa umma. Akisema ukuta huu haujafika, malipo husubiri. Ndiyo maana kazi hii hutaka uaminifu kama inavyotaka hesabu.

Anayetaka kujiajiri ana mlango mwingine. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 hutenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa biashara za wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Mkaazi anahusika vipi?

Sheria hiyo hiyo hairuhusu bei ya mkataba kupandishwa ndani ya miezi 12 tangu kutiwa saini, na mabadiliko yote kwa jumla hayafai kuiongeza kwa zaidi ya asilimia 25 ya bei ya awali. Katiba, Kifungu cha 35, humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Katika vikao vya wananchi kuhusu bajeti, mkaazi anaweza kuuliza: makadirio ya mradi huu yalifanywa na nani, na BQ inasema nini?

Anayejenga kwake naye asiogope. Kabla ya kununua hata mfuko mmoja, apigiwe hesabu ya jengo lote hadi paa. Ikiwa fedha hazitoshi, ni nafuu kupunguza chumba kwenye karatasi kuliko kukiacha bila paa.

Na mzazi mwenye binti anayependa hisabati amwambie kwamba kazi hii ipo.