Metropolis: Filamu Moja, Kanda Tofauti

Metropolis, filamu bubu ya mwongozaji Fritz Lang, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin tarehe 10 Januari 1927, nayo ilichukua takriban saa mbili na nusu. Inasimulia jiji la siku zijazo ambamo wenye mali wanaishi juu kwenye maghorofa na bustani, na vibarua wanaishi chini ya ardhi wakiitumikia mitambo. Miaka mingi baadaye filamu hiyo iliingia majumbani kwa njia ya mkanda wa video, lakini waliouweka mkanda huo kwenye deki hawakuiona nzima. Karibu robo yake ilikuwa imepotea.

Mwaka huohuo wa 1927, kampuni ya Paramount iliipunguza kwa ajili ya soko la Marekani, na punde Ujerumani nayo ikaifupisha. Aliyepata hasara kubwa kuliko wote ni mhusika asiyeonekana akiwa hai: Hel. Mwanamke huyo alipendwa na mvumbuzi Rotwang, akaolewa na mtawala wa jiji, akafa alipomzaa mwanawe Freder. Rotwang anamuunda mtu wa chuma kwa sababu ya uchungu wa kumkosa Hel. Wamarekani waliliondoa jina hilo kwa kuwa linafanana na neno lao la jehanamu, na habari zake zote zikaenda nalo. Mtazamaji akabaki na mvumbuzi anayehangaika bila sababu inayoeleweka, na lawama zikamwangukia Lang.

Kanda nyingi za VHS zilitokana na nakala hizo fupi, tena zilizonakiliwa mara kadhaa, hata nyuso zikafifia na moshi wa mitambo ukafunika kila kitu. Mwaka 1984 mwanamuziki Giorgio Moroder alitoa toleo lake la takriban dakika 80, lenye rangi na nyimbo za pop, mmoja wa waimbaji wake akiwa Freddie Mercury. Wapo waliokasirika. Hata hivyo, Moroder aliwaletea vijana wa enzi ile filamu ambayo wengi wao wasingeigusa.

Kazi kubwa ya ukarabati ilikamilika mwaka 2001 chini ya taasisi ya Friedrich-Wilhelm-Murnau-Stiftung, ikatoka kwenye DVD. Picha zilisafishwa zikang'aa, na pale palipokosekana kipande yakawekwa maandishi ya kueleza kilichokuwapo. Wengi waliamini hapo ndipo mwisho wa safari.

Huko Buenos Aires, mtafiti wa filamu Fernando Martín Peña alikuwa amesikia kisa cha mtu wa klabu ya sinema aliyelazimika kuushikilia mkanda wa Metropolis kwa kidole kwenye projekta kwa zaidi ya saa mbili. Peña alijua kwamba nakala za kawaida haziendi muda wote huo. Mwaka 2008 yeye na Paula Félix-Didier, mkuu wa makumbusho ya filamu ya jiji hilo, waliyafungua makopo ya filamu wakaikuta Metropolis ndefu, iliyohamishiwa kwenye mkanda mwembamba wa milimita 16. Michubuko ya mkanda wa awali ilikuwa imenakiliwa pamoja na picha.

Toleo la 2010, lililopatikana baadaye kwenye DVD na Blu-ray, haliufichi uchakavu huo. Picha safi inakatika ghafla, mistari ya wima inashuka kama mvua, na kingo nyeusi zinajitokeza juu na ubavuni kwa sababu mkanda mwembamba haukubeba picha yote. Mpangilio wake ulifuata muziki wa filamu hiyo uliotungwa na Gottfried Huppertz, ambao karatasi zake zilikuwa na alama zaidi ya 1,000 za matukio. Katika vipande hivyo vyenye mvua ndimo alimorudi Hel: kichwa chake kikubwa cha jiwe kimesimama nyuma ya pazia nyumbani kwa Rotwang. Yumo pia kibarua namba 11811, aliyebadilishana nguo na Freder, akizikuta fedha mfukoni na kushawishika kwenda kwenye anasa za klabu ya Yoshiwara. Kwa wanaokumbuka mkanda wa VHS, kibarua huyo alitoweka tu katikati ya hadithi.

Bado kuna mapengo. Pambano la Rotwang na mtawala wa jiji, linalompa mateka Maria nafasi ya kutoroka, halijapatikana popote, na kwenye diski linasomwa kwa maandishi.