Pijo la Baba: Kulifufua Bila Kuliharibu

Mwaka jana, siku chache baada ya Idi, alikuja kwetu mnunuzi wa vyuma chakavu. Akalizunguka gari la marehemu baba mara mbili, akagonga boneti kwa kifundo cha kidole, kisha akataja bei. Bei yenyewe ilikuwa ya kilo. Ndugu yangu mdogo akasema tukubali, kwa kuwa gari limekaa chini ya mkungu miaka minane, limefunikwa turubai na hakuna anayeligusa. Dada akanyamaza. Mama, aliyekuwa barazani akisuka ukili, akauliza swali moja tu: "Kwani injini imekufa, ama ni nyinyi mliochoka?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka Mwembe Tayari kwa mafundi, na ndilo lililozaa makala haya. Najua nyua nyingi za Mombasa, kuanzia Kibokoni hadi Majengo na Tudor, zina gari kama letu: bodi nzima, viti vyake vyenyewe, logibuku ingali sandukuni, na familia haijui ilifanyie nini. Wengine huliuza kwa bei ya chuma. Wengine hulipeleka gereji kwa pupa, wakamwaga pesa kwenye rangi na rimu, na baada ya miezi sita limesimama tena. Njia ya tatu ipo, ila inataka subira na mpango.

Gari lenyewe ni lipi

Letu ni Peugeot 504 steshenwagoni, au Pijo kama sote tunavyoliita. Gari la 504 lilizinduliwa Ufaransa mwaka wa 1968, na mwaka uliofuata likatunukiwa taji la Gari la Mwaka barani Ulaya. Umbo la saluni lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Steshenwagoni ilirefushwa: kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni mita 2.90, na ile ya familia ilikuwa na safu tatu za viti. Ndiyo maana ikapendwa na wenye watoto wengi, na ndiyo maana ikawa gari la abiria la safari ndefu. Wenye umri wangu na zaidi wanazikumbuka Pijo za abiria, mizigo juu ya keria na watu wamebanana ndani kama dagaa.

Sifa yake huku kwetu haikuletwa na matangazo. Ililetwa na barabara mbovu. Mwaka wa 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa 504, na mwaka wa 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena kwa 504 ya milango miwili yenye injini ya V6. Kabla ya hapo, 404 ilikuwa imeshashinda mbio hizo mara nne katika miaka ya sitini. Isitoshe, 504 nyingi ziliunganishwa hapa hapa Kenya, muda mrefu baada ya Wafaransa wenyewe kuacha kuunda saluni yake mwaka wa 1983. Kwa hivyo mzee wa gereji aliyewahi kuifungua injini ya gari hili na kuifunga bila kitabu si vigumu kumpata.

Kwanza mirathi, baadaye spana

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Gari la marehemu si la mtoto anayejua kuendesha, wala la yule aliyebaki na ufunguo. Madeni ya marehemu yakishalipwa na wasia wake ukishatekelezwa, kilichobaki ni cha warithi wote: mke ana thumuni yake akiwapo na watoto, na watoto wanagawana kilichobaki, mwanamume sehemu mbili na mwanamke moja. Ukiingiza pesa zako kwenye gari kabla ya hilo kukaa sawa, umepanda mwembe katika kiwanja cha watu. Siku likianza kung'aa, kila mmoja atakumbuka haki yake, na ugomvi wa ndugu hautatengenezwa na fundi yeyote.

Sisi tulikaa kikao. Tukalithamini gari jinsi lilivyo, bovu, mbele ya watu wawili wasio na maslahi. Nikanunua sehemu za ndugu zangu, tukaandikiana. Mama akasema yake hauzi, atabaki mshirika wangu. Kisha tukafuata hati ya kusimamia mali ya marehemu mahakamani, kwa sababu NTSA haihamishi gari kutoka jina la aliyefariki kwa maneno ya mdomo. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo msingi wa nyumba.

Pima kutu kabla ya kupima injini

Injini hufunguliwa ikafungwa. Bodi iliyooza ni habari nyingine, na adui mkubwa wa gari la Pwani ni chumvi. Upepo wa bahari unayo, feri ya Likoni inayo, na hata maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi. Mtu anaosha gari kila Ijumaa kwa maji ya kisima akidhani analitunza, kumbe analilisha kutu. Ikiwa huna maji matamu ya kutosha, afadhali kitambaa chenye unyevu.

Fundi wa bodi niliyemwendea alikuja na vitu vitatu: sumaku, bisibisi na tochi. Sumaku aliifunga kwa kitambaa laini akaipitisha juu ya bodi. Pale isiposhika, chini ya rangi kuna fila, si bati. Kwa bisibisi akagonga polepole kingo za chini ya milango, sakafu chini ya kapeti, mahali pa gurudumu la akiba, na ndani ya mashavu ya magurudumu. Chuma kizima hulia. Kilichooza hunyamaza au hutoboka. Letu lilitoboka mahali pawili tu. "Sheikh, hili lilikaa vizuri," akaniambia. "Likate hapa na hapa, bati jipya, basi. Mwingine akikwambia livuliwe lote, anatafuta karo ya watoto wake."

Kumbuka jambo hili: kutu haifunikwi, hukatwa. Ukiweka fila juu ya kutu, rangi itafura kabla ya masika ya pili.

Kuiamsha injini iliyolala

Ukilikuta gari lililolala miaka, usiweke betri ukapiga stata. Utaweza kuua kwa dakika moja kilichokaa salama miaka minane. Kwanza mwaga petroli ya zamani, safisha tangi, badilisha mipira ya kupitisha mafuta. Mwaga oili, weka mpya na filta yake. Toa plagi, tia oili kidogo katika kila silinda, iache usiku mzima, kisha izungushe injini kwa mkono. Ikizunguka bila kukwama, alhamdulillahi. Hapo pima kompresheni. Usiangalie tu nambari kubwa. Angalia kama silinda zote nne zinakaribiana.

Injini za petroli za gari hili ni za ukubwa wa sisi 1,796 au 1,971. Bloku ni chuma, lakini hedi ni ya aluminiamu, na hapo ndipo pa kuogopa. Likichemka mara moja vibaya, hedi hupinda na gasketi huungua. Silinda zake ni laina zinazochomolewa, na maji huzizunguka moja kwa moja. Maana yake ni mambo mawili. La kwanza, siku fundi akiitoa hedi, laina zibanwe kabla ya mtu kuizungusha injini. Zikinyanyuka, mipira ya chini itavuja na maji yataingia kwenye oili. La pili, usijaze redieta maji ya bomba matupu. Huku tumezoea kusema hakuna barafu, kuliwanti ya nini? Kuliwanti haizuii barafu tu; huzuia kutu ndani ya injini na huchelewesha maji kuchemka. Redieta yetu ilipofunguliwa ilitoa tope la rangi ya chai ya maziwa. Tope hilo lingelichemsha gari kabla halijamaliza daraja la Nyali.

Pesa zianzie wapi

Mwenye pesa kidogo ndiye anayehitaji mpango zaidi. Mimi nilifuata mpangilio huu, nami naupendekeza: breki, upoezaji, mafuta, waya, matairi na shoki, bodi, rangi, na mwisho kabisa mapambo. Gari baya linalosimama ni bora kuliko gari zuri lisilosimama.

Kwenye breki usibane. Mipira ya masta silinda na ya magurudumu hukauka, na paipu za mpira huziba kwa ndani hali nje zinaonekana nzima. Oili ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa, na kwa hewa yetu ya baharini haikawii kuharibika, ibadilishe yote. Matairi yasikudanganye kwa kashata zake. Tazama ubavuni, utaona tarakimu nne: 2308 maana yake tairi liliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2008. Tairi la namna hiyo ni la kufungia mashua, si la kubebea mama yako.

Spea za 504 hazijaisha, ila zinatafutwa. Zunguka maduka ya Mwembe Tayari ukiwa na kipande chako kibovu mkononi, ukilinganishe na kipya kabla hujalipa. Na spea kuukuu ya asili, ikiwa bado nzima, mara nyingi inaishinda mpya ya bei rahisi. Msiba ulionipata mimi ni wa kabureta. Nilimwachia fundi mmoja kabureta ya asili aisafishe, nikarudishiwa nyingine iliyochakaa kuliko yangu. Sikuwa na picha, sikuwa na alama, nikarudi nyumbani na maneno yangu. Tangu siku hiyo kila kitu kinachotoka kwenye gari nakipiga picha, nakitia alama kwa rangi ya kucha ya mke wangu, na risiti naiweka katika daftari.

Kulirembesha kidogo

Sasa tuje kwa vijana, ambao wakiliona gari kuukuu hutaka kulishusha chini, kulitia rimu kubwa na kulikata dashibodi waingize skrini. Kanuni yangu ni moja: fanya lile unaloweza kulirudisha. Kitu cha kufunga kwa skrubu, ruhusa. Kitu cha kukata kwa msumeno, hapana.

Kwa kanuni hiyo yapo mengi yanayofaa. Platini na kondensa unaweza kuvibadilisha kwa mfumo wa elektroniki unaokaa ndani ya distribyuta ile ile. Gari litawaka vizuri zaidi, na platini za zamani ziweke katika kopo ndani ya buti kwa siku ya dharura. Taa za mbele zitieni globu za halojeni, lakini mpitishie umeme kwenye rilei, la sivyo swichi kuukuu itaungua. Feni ya umeme itasaidia kwenye foleni ya feri. Mikanda ya usalama kwenye viti vya nyuma ni lazima kama mnabeba watoto. Redio ya asili iacheni mahali pake, na kifaa kidogo cha kuunganisha simu kifichwe ndani ya kijisanduku cha dashibodi. Viti vilivyochanika, fundi wa mapazia na makochi anaweza kuvishona upya kwa mshono ule ule wa zamani ukimpelekea kipande cha mfano.

Kulishusha chini sikushauri. Steshenwagoni hii ilipewa springi mbili kila upande wa nyuma ili ibebe mzigo na ipande mawe. Ukiishusha, umelifukuza gari kwenye kazi iliyolipa jina. Na kuna wanaong'oa injini yake na kutia ya gari jingine kwa sababu spea zake ni rahisi. Kwa gari lililokwisha kuoza siwalaumu. Kwa gari lililohifadhika ni hasara, kwani nusu ya thamani yake ni kwamba namba ya injini bado inalingana na logibuku.

Tena ukibadilisha injini, rangi au umbo la bodi, sheria inakutaka uijulishe NTSA na likaguliwe. Bima nayo uiulize mapema: kampuni nyingi husita kutoa bima kamili kwa gari la umri huu.

Je, ni israfu?

Niliulizwa swali hili msikitini, na ni swali la haki. Kuna watu hawana karo, wewe unamwaga pesa kwenye bati? Jibu langu ni kwamba inategemea. Ukikopa, ukachelewesha ada ya shule au ukainyima nyumba chakula ili upate rangi ya kung'aa, hiyo ni israfu bila mjadala. Mimi niliweka kiasi maalumu kila mwezi, na mwezi usio na kitu gari lililala. Ndiyo maana kazi imechukua mwaka na zaidi.

Rangi bado sijapiga. Milango miwili ina praima ya kijivu na watoto wa mtaa wanaliita pundamilia. Lakini breki zinashika, injini haichemki, na Ijumaa mbili zilizopita nilimpeleka mama Bamburi kwa dada yake. Ndugu yangu mdogo, yule aliyetaka tuliuze kwa kilo, alikaa nyuma. Tulipofika juu ya daraja la Nyali akaniomba nisimame upande wa pili, tubadilishane, ashike usukani yeye.

Nikampa. Mama akamwambia taratibu, babako hakuwa akiliendesha hivyo.